Neno Lenye Herufi Kumi na Moja

Mvulana ana miaka 11. Amekaa juu ya kreti lililopinduliwa nyuma ya meza ya mama yake, soko la Kashikishi, na mbele yetu zimeanikwa zile dagaa za Mweru ambazo huku huitwa chisense. Mkononi ana kitabu cha hadithi cha Kiswahili kilichovuka ziwa ndani ya mkoba wa shangazi yake kutoka Kilwa. (Msomaji wa pwani asikimbilie Kilwa Kisiwani. Ziwa Mweru lina Kilwa zake mbili: mji ulio ng'ambo, Kongo, na kisiwa cha jina hilohilo kilicho upande huu wetu wa Zambia.)

Namwomba anisomee sentensi moja katikati ya ukurasa. Watoto walipokuwa wakimsubiri mama yao, mvua ilianza kunyesha. Anaanza. "Watoto" linatoka bila shida. Kisha: "wa-li-po… walipo-ku… walipokuwa." Anavuta pumzi. "Wa-ki… waki-m… wakimsu… wakimsubiri." Kidole kimeganda chini ya neno. Hakukosea herufi hata moja. Ila alipofika kwenye mvua nilimuuliza ni nani aliyekuwa akisubiriwa, akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za jana. Mwanzo wa sentensi ulikuwa umekwisha kudondoka njiani.

Nikafunga kitabu, nikamsimulia hadithi ileile kwa mdomo. Akanijibu kila swali, na mahali nilipoeleza namna ya kutega nyavu akanisahihisha.

Mama yake, aliyekuwa anapima chisense kwa bakuli, alisema bila kugeuka: "Uyu mutoto iko na akili, mwalimu. Kitabu ndiyo inamushinda." Shuleni, kwa maelezo yake, walishamwambia kwamba kijana anajua kusoma, ila ni mvivu.

Kauli hiyo ya uvivu nimeisikia katika kila mji niliofanya kazi, na naielewa inakotoka. Picha ya disleksia, ule ugumu wa kusoma usio uvivu wala upungufu wa akili, tuliyoipokea imetoka kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza kuhusu watoto wanaosoma Kiingereza. Katika picha hiyo mtoto mwenye disleksia hukosea: husoma neno moja badala ya lingine, hubahatisha, hugeuza herufi. Mwalimu wa huku Nchelenge au wa Kigoma akimpima mtoto kwa picha hiyo atampitisha, kwa kuwa mtoto wetu hakosei sana. Kiswahili na Kibemba huandikwa karibu kama vinavyotamkwa. Ukishajua sauti ya kila herufi unaweza kulisoma neno lolote, hata usilowahi kulisikia. Kiingereza hakina huruma hiyo. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha mbalimbali za Ulaya, wakaona wengi wao huwa wamekwisha kuimudu misingi mwishoni mwa mwaka wa kwanza, wakati wa Kiingereza wanahitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo.

Basi katika lugha zenye tahajia iliyonyooka disleksia hujificha. Heinz Wimmer alilionyesha hilo mwaka 1993 kwa watoto wa Austria wanaosoma Kijerumani: wenye tatizo walisoma sawasawa, lakini taratibu mno. Tatizo liko kwenye kasi. Mtoto hulijenga neno silabi kwa silabi kila anapokutana nalo, hata akikutana nalo mara ya ishirini, kana kwamba hawajawahi kuonana. Na asidhani mtu kwamba tahajia iliyonyooka ni mteremko mtupu. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza namna watoto wa Tanzania wanavyojifunza kuandika Kiswahili, walilisema waziwazi katika makala yao ya 2003: si kazi ndogo hata kidogo.

Ndiyo maana anayetaka kumchagulia kitabu mtoto wa Kashikishi mwenye disleksia, ninamshauri aziweke kando kwa muda orodha za Ulaya na Marekani, ahesabu herufi.

Walipokuwa: kumi. Wakimsubiri: kumi na moja. Lugha zetu hubandika mtendaji, wakati na mtendewa juu ya kitenzi kimoja, na mtoto anapaswa kuubeba mzigo wote kwa pumzi moja. Kiingereza kingeugawa mzigo huohuo kwenye maneno manne au matano mafupi yenye nafasi katikati, kila nafasi ikiwa mahali pa kupumulia. Kwa hiyo kitabu kinachoitwa chepesi kwa sababu tu kina maneno machache kwa kila ukurasa kinaweza kuwa kizito kama jiwe la nanga. Nimeona vitabu vya darasa la pili vyenye maneno sita kwa ukurasa, manne yakiwa ya herufi kumi au zaidi. Kingine kina maneno thelathini, kinasomeka kama maji: Watoto walimsubiri mama. Mvua ikaja. Mama hajafika. Watoto wakaingia ndani. Maana ni ileile, ila vile vitenzi viwili vilivyopandana vimekuwa kimoja, na sentensi inaisha kabla mwanzo wake haujasahaulika.

Kingine cha kutazama ni marudio. Mwandishi mzuri wa watoto hulirudisha neno gumu mara nne, mara tano, katika kurasa zinazofuatana, ili jicho lianze kulitambua kwa sura. Mwandishi anayejionyesha kwa visawe, leo "akaenda", kesho "akaelekea", keshokutwa "akafunga safari", anamfurahisha mhariri na kumwangusha mtoto.

Kuhusu herufi zinazogeuka nitasema kidogo tu, kwa sababu jambo lenyewe limezungumzwa kupita uzito wake. Ni kweli b na d huchanganywa, na watoto wasio na tatizo lolote huzichanganya pia. Lakini sisi Waswahili tuna kosa letu wenyewe: vitabu vyetu vya kwanza hupenda kuweka "baba" na "dada" ukurasa mmoja, tena na picha ya watu wawili waliosimama. Ukimtega mtoto kwa makusudi hutapata mtego bora. Kibemba kimesalimika, kwa kuwa d yake haisimami peke yake, hutokea baada ya n tu. Kinachowasumbua watoto wa lugha zote mbili ni kile kinukta cha juu kwenye ng': Kiswahili kina ng'ombe na ngoma, Kibemba kina ing'ombe na ing'oma, na kitabu kilichopigwa chapa hafifu hukifuta kabisa. Kabla sijanunua kitabu cha Kibemba au cha Kiswahili hutafuta kwanza ng'ombe. Nikimkuta hana kinukta, naelewa ni watu wa aina gani waliokichapa.

Sasa twende kwenye ukurasa wenyewe. Hapa ndipo ushahidi wa kisayansi ulipo imara zaidi, na ndipo fedha nyingi hupotea.

Mwaka 2012 Marco Zorzi na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto 74 wenye disleksia, Wataliano na Wafaransa. Hawakuwafundisha chochote. Waliongeza tu nafasi kati ya herufi. Watoto wakasoma kwa kasi zaidi kwa asilimia zaidi ya 20, na makosa yakapungua sana. Wasomaji wa kawaida wadogo, wenye kiwango kilekile cha kusoma, hawakupata faida hiyo. Maelezo ya watafiti ni kwamba kwa mtoto mwenye disleksia herufi husongamana, jirani humfunika jirani, na ukizitenganisha kila moja hupata kuonekana.

Linganisha na biashara ya fonti. Mwaka 2008 Christian Boer wa Uholanzi alibuni fonti iitwayo Dyslexie, yenye herufi nzito chini kama mtumbwi uliojazwa mawe, na baadaye ikaja OpenDyslexic, ya bure. Zinapendeza kuzungumziwa. Lakini zilipopimwa mara kadhaa hazikuonyesha kumfanya mtoto asome vizuri zaidi, na pale faida ilipoonekana, ilitokana na nafasi pana iliyokuja pamoja na fonti. Mwenye kompyuta na anayeipenda aitumie. Anayetaka kuagiza vitabu kutoka mbali kwa bei ya juu kwa sababu ya fonti peke yake, azitumie pesa hizo kununua karatasi. Karatasi zenye rangi za kuwekwa juu ya ukurasa ni habari hiyohiyo, na ushahidi wake ni dhaifu zaidi.

Ninayoitumia mimi ni fonti ya bure iliyotengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya wanaoanza kusoma, na wakaipa jina la Kiswahili: Andika. Herufi zake ni za wazi, hazina mikia ya mapambo, l haifanani na 1. Inatosha.

Kuna kanuni moja ambayo miongozo ya Kiingereza huitaja kwa sentensi moja na kupita, nami ningeiweka ya kwanza kwa lugha zetu: mstari usinyooshwe pande zote mbili. Maneno ya Kiingereza ni mafupi, ukiyabana hadi kingo mbili zilingane hayaharibiki sana. Maneno yetu ni marefu. Ukiyanyoosha katika safu nyembamba hutokea moja kati ya mawili: ama nafasi zinapanuka kama mashimo, ama kompyuta inalikata neno mwishoni mwa mstari. Walipo-, kisha kistari, kisha mstari wa chini, kuwa. Mtoto aliyekuwa akijenga neno tofali kwa tofali ameambiwa abebe nusu ya ukuta hadi upande wa pili wa ua. Nikikuta neno lililokatwa hivyo katika kitabu cha watoto, nakirudisha rafuni bila kusoma zaidi. Yaliyobaki ni mepesi: herufi za pointi 14 hivi, mistari iliyoachana, hakuna mlazo, hakuna sentensi nzima kwa herufi kubwa, hakuna maneno juu ya picha. Karatasi isiwe na mng'ao, maana wengi husoma jioni kwa taa ndogo ya sola, na karatasi inayong'aa huirudisha taa machoni.

Swali la lugha ndilo linaloifanya Kashikishi kuwa mahali pagumu, na pa kuvutia. Mtaala ulioanza kutumika Zambia mwaka 2014 uliweka darasa la kwanza hadi la nne lifundishwe kwa lugha ya eneo, na katika mkoa huu wa Luapula lugha hiyo ni Kibemba, kisha Kiingereza kikachukua nafasi. Lakini ziwa halikusoma mtaala. Biashara ya samaki huleta Kiswahili cha Kongo kila siku, na tangu Januari 2018 wilaya ya Nchelenge ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa baada ya watu kukimbia machafuko ya Haut-Katanga na Tanganyika. Wengi wao huzungumza Kiswahili nyumbani. Mtoto wao huota kwa Kiswahili, hujifunza kusoma kwa Kibemba, na mtihani wake mkubwa utakuwa wa Kiingereza.

Kwa mtoto asiye na disleksia huo ni utajiri. Mwenye nayo hukutana na vikwazo ambavyo watu wazima hatuvioni. Chukua sauti moja tu. Kiswahili huiandika ch. Tahajia rasmi ya lugha za Zambia ya mwaka 1977 huiandika c, kwa hiyo jalada la kitabu linasema icibemba. Lakini majina ya mahali yalibaki na maandishi ya zamani, na ubao wa barabarani unasema Nchelenge. Mtoto huyohuyo, siku hiyohiyo, anasoma sauti ileile kwa sura mbili, na ile c moja akiipeleka kwenye Kiingereza itageuka kuwa k au s. Mimi huwaambia walimu: kitabu cha kwanza cha raha kiwe katika lugha anayoiota, hata kama shule haifundishi kwayo. Ujuzi wa kuunganisha silabi ukishaingia kwa lugha moja utahama, maana Kiswahili na Kibemba ni ndugu wa karibu. Ila wiki anazojifunza sura mpya za herufi za Kibemba, usimpe Kiswahili na Kibemba kwenye ukurasa mmoja. Vitabu vya lugha mbili bega kwa bega, wafadhili wanavyovipenda, kwake ni vurugu.

Vinapatikana wapi? Hapo hali ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. African Storybook, mradi ulioanza Afrika Kusini mwaka 2014, una hadithi za bure kwa Kiswahili, kwa Kibemba na kwa lugha nyingine nyingi za bara hili, na leseni yake inakuruhusu kuibadilisha hadithi kisha kuichapa. Hilo la kubadilisha ndilo la thamani. Naweza kuchukua hadithi, kuvipunguza vile vitenzi vilivyopandana, kuweka Andika, kupanua mistari, na mtoto wa Kashikishi akawa na kitabu alichoshonewa kama nguo ya fundi. Kwa Kiingereza, mfano wa kujifunza ni Barrington Stoke, wachapishaji walioanzia Edinburgh mwaka 1998. Vitabu vyao vina karatasi ya rangi ya maziwa, nafasi pana na sura fupi, tena waandishi wake ni wa kweli. Kwa kijana wa darasa la nane ningevitafuta. Kwa wa darasa la tatu ni kumtwisha Kiingereza juu ya disleksia.

Walilolielewa Edinburgh, na ambalo maboksi ya vitabu vya msaada yaliyojaa bata na alfabeti hayalijui, ni umri. Mvulana wa soko la Kashikishi anasoma kama mtoto wa miaka saba, lakini anajua bei ya petroli ya injini ya boti na kwa nini nyavu zenye matundu madogo zinakamatwa. Ukimpa kitabu cha bata utakuwa umemtukana mbele ya wenzake. Atakificha. Bora hadithi fupi yenye mwizi, dhoruba au mechi, kwa sentensi za maneno matano.

Na zipo hadithi ambazo hazifai kufupishwa. Luapula ni nchi ya maandishi ya kale. Mwaka 1951 ilichapishwa Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, historia ya Walunda wa Mwata Kazembe, iliyotolewa na Mwata mwenyewe, Chinyanta Nankula. Mwaka mmoja kabla, Stephen Mpashi alikuwa ametoa riwaya yake ya Kibemba, Cekesoni Aingila Ubusoja. Mtoto mwenye disleksia asinyimwe vitabu hivi kwa sababu macho yake yanachelewa. Avipate kwa masikio. Daktari Mwingereza Pringle Morgan, aliyeandika mwaka 1896 juu ya kijana wa miaka 14 aitwaye Percy aliyeshindwa kusoma, alieleza kwamba mwalimu wake aliamini kijana angekuwa wa kwanza shuleni kama masomo yote yangekuwa ya mdomo. Zambia nayo imewahi kufundisha kwa sikio: tangu mwaka 2000 kipindi cha redio Learning at Taonga Market kiliwafikia watoto waliokuwa hawana shule ya kawaida. Leo simu ya shangazi inatosha. Anarekodi ukurasa mmoja, polepole, mtoto anafuata kwa kidole huku akisikiliza, mara tatu, kisha anasoma bila simu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga nao, unawaruhusu wenye ulemavu wa kusoma chapa kutengenezewa nakala za namna hii bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, na wenye disleksia wamo. Wakutubi wengi bado hudhani ni wa wasioona peke yao.

Kujaribu kitabu ni kazi ya dakika tano. Usianze ukurasa wa kwanza, huo keshausikia darasani na ameuhifadhi. Fungua katikati. Ziba picha kwa kiganja. Asome mistari mitano, nawe usimsaidie, kisha umuulize kilichotokea. Akikwama kwenye maneno zaidi ya matatu, au akifika mwisho bila habari yoyote, hicho ni kitabu cha kusomewa, si cha kusoma. Na kabla ya kutamka disleksia, mpeleke akapimwe macho na masikio, umuulize pia siku ngapi muhula huu alikuwa kambi ya uvuvi badala ya darasani. Katika darasa ambalo wengi hawajui kusoma, asiyefundishwa na mwenye disleksia hufanana sana. Hutenganishwa na kufundishwa: wa kwanza hupaa, wa pili husogea hatua kwa hatua.

Wakati nao ni wa kupangilia. Tarehe 1 Desemba uvuvi hufungwa hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Boti hupandishwa ufukweni, na wanaume ambao miezi mingine hulala mchana na kukesha majini wanakuwapo nyumbani jioni. Ndiyo miezi ya kumpata baba wa kusoma naye, kwa hiyo kurasa zinatakiwa ziwe tayari Novemba.

Za mvulana wa sokoni tulizichapa kwenye duka la fotokopi pale barabarani: hadithi ya kurasa nane, karatasi isiyong'aa, mistari sita kila ukurasa. "Walipokuwa wakimsubiri" lilikuwa limekwisha kuwa "walimsubiri". Kijana wa mashine aliigeuza karatasi ya kwanza mara mbili, akaniambia kwamba ningeweza kuyapanga yote katika karatasi mbili, nafasi yote hii nyeupe ya nini, mzee, unapoteza pesa. Nikamwambia hiyo nyeupe ndiyo niliyokuja kuinunua. Akacheka, akaongeza karatasi kwenye trei.